Jarida la sayansi na jamii chuoni: tangu swali la kwanza hadi mhariri anayefuata

Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 balaa hilohilo likaingia Dodoma na Manyara: wagonjwa 68 waliorodheshwa, na 20 kati yao wakafariki. Sumu yenyewe haikuwa ngeni. Wataalamu waliitambua mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya bata mzinga kufa kwa maelfu huko Uingereza, na vyuo vyetu vya kilimo vimekuwa vikifundisha ukaushaji na utunzaji wa nafaka kwa miaka mingi. Elimu ilikuwapo. Ilikosa njia ya kutoka kwenye chumba cha mihadhara hadi kwenye kihenge.

Mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kuwa njia hiyo kuliko mtu mwingine yeyote ninayemfikiria. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala za majarida ya kitaaluma, si kwa kumwandikia mkulima wa Kiteto. Chumba cha habari cha gazeti la kila siku kinataka habari ya leo, na mara nyingi hakina mtu aliyesoma kemia. Mwanafunzi asubuhi yuko maabara, na likizo ikifika yuko kwao, anakoulizwa na shangazi yake kama ni kweli chanjo inafunga kizazi. Akijiunga na wenzake, wakaandika kwa uangalifu na kuchapa kwa Kiswahili, watakuwa wanafanya kazi ambayo hakuna ofisi iliyopewa. Ninawaandikia hao hasa: wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili wenye hamu ya kuanzisha jarida la sayansi na jamii na wasiojua waanzie wapi.

Mmetanguliwa, na ni vizuri kujua na nani. Mwaka 1969 jarida la Uingereza liitwalo Physics Education lilichapa makala ya Erasto Mpemba na Dk. Denis Osborne. Mpemba alikuwa ameliona jambo lake tangu 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto: maziwa ya aiskrimu aliyoyaweka kwenye friji yangali moto yaliganda mapema kuliko ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, wenzake wakamcheka. Akalibeba swali lake hadi shule ya Mkwawa, Iringa, na Osborne alipofika kuzungumza na wanafunzi akitokea chuo kikuu cha Dar es Salaam, Mpemba akasimama akamuuliza mbele ya wote. Osborne alirudi chuoni akaagiza jaribio lifanywe.

Novemba 1969, pale chuoni Mlimani, Dar es Salaam, wanafunzi wa chama cha USARF pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU wakatoa toleo la kwanza la jarida la Cheche. Mmoja wa wahariri wake, Karim Hirji, alikuwa mwanafunzi wa hisabati. Baadaye akawa profesa wa takwimu za tiba. Issa Shivji alichapa humo, mwaka 1970, insha ndefu juu ya matabaka nchini ambayo wasomi wanairejea mpaka leo. Novemba 1970 jarida likapigwa marufuku, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni jina lake, lililofuata lile la gazeti la Lenin. Liliishi mwaka mmoja tu. Tunalijua vizuri kwa sababu waliolitengeneza walitunza nakala na kumbukumbu, na miaka 40 baadaye wakazitolea kitabu. Nitalirudia hili la kutunza nakala, kwa kuwa klabu nyingi za wanafunzi hazilifikirii kabisa.

Anzeni na swali

Kikao cha kwanza cha wahariri huwa na orodha ya mada: mabadiliko ya tabianchi, akili mnemba, afya ya uzazi. Ichaneni orodha hiyo. Mada haina mlango wa kuingilia. Mwandishi ataishia kunakili utangulizi wa kitabu cha kozi. Kila anayetaka kuandika aje na swali ambalo mtu fulani, nje ya geti la chuo, analiuliza kweli.

Chukueni floridi. Mtu akileta “Floridi na afya ya binadamu”, mrudisheni. Akileta “Kwa nini watoto wa kijiji hiki cha Meru wana meno ya kahawia na wa kijiji cha pili hawana?”, mpeni kurasa nne. Swali hilo litamlazimisha aeleze miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro na jinsi maji yanavyoyeyusha floridi kutoka humo. Atataja kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, na kutafuta vipimo vya visima vya mahali hapo. Atafika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ambako maji huchujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Atapita jikoni, maana magadi ya kulainishia maharage nayo hubeba floridi. Hapo jamii inaingia yenyewe bila kuitwa: nani anachota maji, kisima salama kiko umbali gani, nani analipia chujio, na je, kila nyumba inakubali kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa? Mwanafunzi wa kemia hawezi kuyajibu yote peke yake. Mpeni mwenzake wa sosholojia au sheria waandike pamoja. Makala za watu wawili wa vitivo viwili tofauti ndizo ninazozipenda kuliko zote, na jarida la wanafunzi ndilo lililo na nafasi ya kuzipata kwa urahisi, kwa kuwa wenyewe wanakaa bweni moja na wanakutana kwenye vimbweta vilevile.

Kipimo cha swali zuri: mwombe mwandishi amtaje, hata kwa cheo tu, mtu mmoja ambaye jibu litabadilisha anachokifanya wiki ijayo. Mama anayenunua magadi. Mwenye duka la pembejeo. Mwalimu wa shule ya kata. Asipompata, swali bado bichi.

Wasomaji wawili kabla ya kuchapa

Hapa ndipo ningeweka nguvu nyingi kuliko penginepo pote. Jarida la wanafunzi halina jina la kulikinga. Kosa moja kubwa la dawa au la chanjo linatosha kulizika, na, baya zaidi, linaweza kumdhuru aliyeliamini. Kwa hiyo jiwekeeni sheria isiyo na msamaha: hakuna makala inayochapwa mpaka isomwe na watu wawili walio nje ya timu yenu. Mmoja ni mtaalamu wa fani hiyo. Wa pili ni mtu ambaye jambo lenyewe linamgusa.

Mtaalamu hapelekewi makala na maneno “naomba maoni yako, Profesa”. Atajibu baada ya miezi miwili, au hatajibu, au atairudisha akiwa ameigeuza mhadhara. Mpelekeeni yenye mistari iliyopewa namba, na maswali matatu: je, kuna jambo humu lisilo kweli, je, kuna takwimu iliyowekwa mahali pasipo pake, je, kuna nililoliacha ambalo lingebadilisha maana? Mpeni siku saba na mtajieni tarehe. Mwelezeni pia, kwa heshima yote anayostahili, kwamba anahakiki ukweli na hana mamlaka juu ya maoni ya mwandishi. Na kama utafiti unaoandikwa ni wake, au wa mwenzake wa mradi mmoja, si yeye wa kuuhakiki. Mtafuteni wa chuo kingine. Wahadhiri wengi hukubali kwa furaha wakiombwa jambo dogo lenye mpaka.

Msomaji wa pili anahitaji njia nyingine kabisa. Usimpe karatasi. Kaa naye, umsomee kwa sauti aya mbilimbili, kisha mwombe akusimulie alichosikia kwa maneno yake mwenyewe. Usimsaidie. Anapotoka nje ya ulichokusudia, wewe ndiye uliyeandika vibaya. Weka alama kwenye sentensi hiyo na uendelee. Mama ntilie wa jirani na chuo, dereva wa bodaboda, muuguzi wa zahanati, mkulima aliyekuja sokoni, yeyote ambaye suala hilo ni lake. Mwandishi akifanya hivi mara moja hatarudi tena kwenye sentensi za maneno 40, na hataandika “athari hasi za kiafya” pale anapomaanisha kuharisha.

Takwimu ndizo zinazoanguka zaidi kwenye mtihani huu. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya malaria iitwayo R21. Bagamoyo na Kilifi zilikuwa miongoni mwa mahali ilikojaribiwa. Matokeo yalionyesha kwamba katika mwaka wa kwanza ufanisi ulikuwa asilimia 75 kwenye maeneo ambako malaria huja kwa msimu, na asilimia 68 kwenye maeneo yenye malaria mwaka mzima. Msomee mtu namba hiyo ya 75 bila maelezo, naye atakusimulia kwamba watoto 75 kati ya 100 hawataugua kamwe na 25 wataugua. Sivyo ilivyo. Kinacholinganishwa ni makundi mawili ya watoto. Tuseme, kwa kuelezea tu, kundi lisilochanjwa limepata malaria mara 40 katika mwaka. Kundi lililochanjwa, lenye watoto idadi ileile, litapata kama mara 10. Malaria imepungua sana ila haijakwisha, na chandarua bado kinahitajika. Angalieni pia kwamba Bagamoyo na Kilifi zilikuwa kwenye lile fungu la 68. Mwandishi wa Afrika Mashariki anayenukuu 75 peke yake amewapa wasomaji wake namba ya mahali pengine.

Zoeeni vilevile kumtafuta anayepinga. Hata lile la Mpemba lina wapinzani: mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walichapa makala wakisema kwamba katika majaribio yao hawakupata ushahidi kwamba maji ya moto hupoa mapema kuliko ya baridi, na wakaonyesha jinsi mahali kipimajoto kinapowekwa panavyoweza kuyageuza matokeo. Makala inayomsifu Mpemba bila kuutaja ubishi huo inamnyima msomaji nusu ya sayansi. Mwandishi ajiulize kila mara: baada ya utafiti huu, nani mwingine aliupima, akapata nini?

Na pale watu wanapoamini jambo ambalo wanasayansi hawalikubali, nawasihi msiandike kwa kuwacheka. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Kulikuwa na la kuandika upande wa mmea na upande wa tiba, hasa kwa wagonjwa waliofikiria kuacha dawa zao. Lakini swali zito zaidi ni lile la kwa nini walikwenda. Mtu mwenye kisukari anayenunua dawa kila mwezi maisha yake yote akisikia kikombe kimoja cha shilingi 500, ana hesabu yake, na hesabu hiyo si ya ujinga. Jarida la sayansi na jamii linalomsikiliza mtu huyo litasomwa na watu kama yeye. Lile linalomdharau litasomwa na walewale waliokwisha kukubaliana nalo.

Ruhusa, sheria na usalama wa watu

Klabu isajiliwe kwa Mshauri wa Wanafunzi, iwe na katiba fupi na mwalimu mlezi. Mlezi mzuri ni yule anayejibu simu. Umaarufu si hoja. Katiba iseme waziwazi kwamba uamuzi wa nini kichapwe ni wa bodi ya wahariri, na kwamba mlezi anashauri. Jambo hili lisipoandikwa mapema, litaamuliwa siku ya mgogoro na mwenye cheo kikubwa.

Kabla ya kuuza au kusambaza nje ya chuo, muoneni mwanasheria wa chuo. Tanzania ina Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ya mwaka 2016 inayodai leseni kwa magazeti, na maudhui ya mtandaoni yana kanuni zake chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo muulizeni kila mwaka. Kwa takwimu, isomeni Sheria ya Takwimu ya 2015 pamoja na marekebisho yake ya 2018 na 2019, muone nini kinadaiwa kwa anayechapa takwimu alizozikusanya mwenyewe. Bodi ya Huduma za Maktaba ndiyo ya kuendea kwa namba ya ISSN, ile ya tarakimu nane. Ipateni mapema, maana inarahisishia maktaba popote duniani kuwaorodhesha.

Kuna mpaka ambao wanafunzi huuvuka bila kujua. Kumhoji mkulima kwa ajili ya makala ni uandishi. Kugawa dodoso kwa kaya za kijiji kizima au kuchukua sampuli za damu ni utafiti, na utafiti una vibali vyake: cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na kwa mambo ya afya kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) au cha kamati ya chuo chenu. Hata kwa mahojiano ya kawaida, chukueni barua ya utambulisho, muanzie kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji. Salamu hiyo ya dakika kumi huokoa siku nzima.

Halafu watu wenyewe. Mkiandika juu ya zebaki kwa wachimbaji wadogo wa Geita au Chunya, kijana anayewaonyesha jinsi anavyochoma dhahabu kwenye karai, akiuvuta mvuke bila kinga, anaweza kuwa anachimba pasipo leseni. Jina lake na sura yake vikitoka kwenye jarida, mmempoteza kwa ajili ya picha moja. Mwambieni kabla ya kuanza mtakachofanya na habari yake, mmuulize tena mkimaliza, na mkubali akisema hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu nanyi. Taarifa za ugonjwa wa mtu hazichapwi bila ridhaa yake ya maandishi, na picha za watoto hazichapwi bila mzazi.

Fedha na karatasi

Michango ya wanachama iombwe wiki ambayo bumu limetoka. Baada ya hapo ni kusumbuana. Iwe midogo, maana mwanafunzi asiye na mkopo naye ana haki ya kuwa mwandishi. Matangazo ya steshenari, migahawa na maduka ya vitabu ya jirani yanaweza kulipa sehemu nzuri ya uchapaji. Msichukue fedha kutoka kwa yeyote mnayeweza kumwandikia: kampuni ya soda huku mnaandika juu ya kisukari, kampuni ya viuatilifu huku mnaandika juu ya nyanya. Kila toleo liwe na mistari michache inayosema nani amelipia. Msomaji ana haki ya kujua, na kuiandika kunawalinda ninyi pia.

Napendelea karatasi iende sambamba na nakala ya simu. Faili la PDF linasambaa haraka kwenye makundi ya WhatsApp ya wenye vifurushi, lakini nakala ya karatasi hukaa kwenye benchi la zahanati ikasomwa na watu kumi wanaosubiri. Anzeni na kurasa 16. Idadi ya kurasa iweze kugawanyika kwa nne, kwa kuwa karatasi ya A3 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne za A4, na mkiwa na kurasa 17 mtalipia tatu tupu. Ulizeni bei kwa wachapaji watatu, wakiwamo wa Kariakoo kama mko Dar es Salaam, na msilipe yote kabla ya kuiona sampuli iliyopigwa pini na kukatwa. Rangi iwe jalada tu. Michoro ichorwe kwa mistari minene, maana grafu nzuri ya kompyuta hugeuka wingu la kijivu ikipita kwenye fotokopi, na matoleo yenu yatapigwa fotokopi, mkipenda msipende. Ni jambo la kufurahia.

Kwenye ukurasa wa pili tengeni mahali pa marekebisho. Kosa likigundulika, litajwe hapo kwa ufupi: nini kiliandikwa, nini ni sahihi. Pasiachwe hata pale kosa ni dogo.

Kwa ratiba ya vyuo vyetu, matoleo mawili kwa mwaka yanatosha, moja kila muhula. Makala zifike wiki ya tano, uhakiki wa wasomaji wawili ukamilike wiki ya tisa, uchapaji uwe umekwisha wiki ya kumi na moja. Baada ya hapo kila mtu yuko kwenye maandalizi ya mitihani, na mhariri anayewadai watu makala wakati huo atapata maandishi mabovu na lawama.

Peleka kwa wenyewe

Nakala za kwanza ziende kwa waliohojiwa, kwa mkono kama inawezekana. Kijiji kinachoulizwa maswali na wageni mwaka hadi mwaka, kisione hata siku moja kilichoandikwa, kinachoka, na kina haki ya kuchoka. Halafu zahanati, shule za sekondari za kata, ofisi ya mtendaji, maktaba ya mkoa. Walimu wa sayansi watazitumia darasani mkiwapa nakala tano badala ya moja.

Wasiosoma wana redio. Redio jamii kama Pangani FM au Sengerema FM zinawafikia watu ambao karatasi haiwafikii, na redio za namna hii mara nyingi huhitaji maudhui. Mwandishi asiende kusoma makala yake mwanzo hadi mwisho. Aende na mambo matatu na mtu mmoja wa mahali hapo wa kuzungumza naye, kisha simu zifunguliwe. Maswali yanayopigwa yaandikwe yote. Hayo ndiyo toleo linalofuata.

Makabidhiano

Jarida la wanafunzi hufa mhariri wake anapohitimu. Hili ndilo gonjwa lake, na dawa yake ni ya mapema. Mhariri mkuu awe wa mwaka wa pili kwenda wa tatu, asiwe wa mwaka wa mwisho muhula wa mwisho. Kila kazi iwe na mtu na msaidizi wake wa mwaka wa chini: mhariri na msaidizi, mhakiki na msaidizi, mweka hazina na msaidizi. Msaidizi aendeshe nusu ya toleo moja huku mkubwa wake akitazama bila kuingilia. Wakati huo ndipo mtamjua anayeweza na asiyeweza, na yeye mwenyewe atajijua.

Tunzeni faili la makabidhiano, moja la karatasi na moja la kompyuta. Liwe na nakala mbili za kila toleo, katiba, orodha ya wahakiki na fani zao, simu za wachapaji na bei walizotoza, risiti, barua za ruhusa, fomu za ridhaa zilizofungiwa peke yake, na makala zilizokataliwa pamoja na sababu. Nakala nyingine za kila toleo ziende maktaba ya chuo zikaorodheshwe. Msiziache kwenye sanduku la mtu bwenini.

Kikao cha makabidhiano kifanyike wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho. Anayeondoka abadilishe nywila na namba ya simu ya kuirejeshea mbele ya anayeingia, na wote wawili waende benki siku hiyohiyo kubadili saini. Jina lake lihamie kwenye orodha ya wahakiki pamoja na namba yake mpya, maana mwaka ujao atakuwa kazini Kiteto, Chunya au Muhimbili, na jarida litahitaji mtu huko wa kumpigia.